Tupeane uzoefu: Siku msanii asiyehesabiwa alipopanda jukwaani

Mjukuu wa Mpiga Muheme (Dodoma)

Habari zenu wanajamvi. Naomba uzi huu tuujaze kwa visa vyetu wenyewe, tuache vya kusimuliwa, kuhusu matamasha yaliyowapa nafasi watu ambao kwa kawaida hatuwaiti wasanii: wasiopita chuo chochote, wazee wa vijijini, watu wenye ulemavu, wachongaji wa kando ya barabara. Naanza mimi.

Bibi yangu ni mpiga muheme, Chamwino. Kwa asiyeijua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mpigaji anaibana kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, huku mwili mzima unacheza. Chimbuko lake ni shughuli za unyago. Nimekua nikimwona bibi na wenzake wakiitwa kila alipokuja mgeni mkubwa. Wanapangwa juani tangu saa mbili asubuhi, mgeni anafika saa saba, wanapiga dakika tano, wanaambiwa "asanteni akina mama, tupisheni hotuba". Malipo yalikuwa soda, na mara mojamoja kanga. Ukimuuliza bibi kazi yake, anakujibu mkulima, basi.

Mwaka 2009 likaanza tamasha la muziki wa Kigogo palepale Chamwino Ikulu. Mwanzilishi wake ni Dkt. Kedmon Mapana, Mgogo na mwalimu wa muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye miaka ya baadaye alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Vikundi vinatoka vijijini na mazeze, mailimba, filimbi na kayamba, wakati watu wameshavuna uwele na wana nafasi. Bibi alipopanda kwa mara ya kwanza niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona: watu walikuja kwa ajili ya ngoma yenyewe. Walikaa chini vumbini wakasikiliza mpaka mwisho. Mtangazaji akataja kikundi, akataja kijiji, kisha akamtaja bibi kwa jina lake kamili kuwa ndiye anayeongoza wapigaji. Bibi akashtuka kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Juzi nilikuwa namjazia fomu zahanati. Tulipofika kwenye kazi akaniambia: andika mkulima na mpiga ngoma.

Kwenye visa vyenu naomba msiache mambo mawili: jina lilitajwaje, na malipo yalikuwaje. Tamasha mimi nalipima hapo.

Fundi Chuma (Dar es Salaam)

Mkuu, mfikishie bibi shikamoo yangu.

Mimi nilipata polio nikiwa mdogo, natumia baiskeli ya magurudumu matatu. Natengeneza wanyama kwa vyuma chakavu: spoku, nati, plagi za pikipiki, vijiko. Kuchomelea nilijifunza gereji kwa kumwangalia mjomba. Mwaka mmoja nikaalikwa kwenye tamasha la mtaa fulani hapa mjini, jina naliacha. Wenzangu walikuwa na mabanda yenye mabango: Uchoraji, Uchongaji, Ususi. Langu lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na vyoo, limeandikwa "Wenye Mahitaji Maalumu". Aliyepita pale hakuweza kujua kama nauza sanamu au naomba msaada.

Mezani nilikuwa na kanga, yule ndege. Madoa yake niliyatunga kwa nati ndogondogo moja moja, shingo ni mnyororo wa baiskeli. Kazi ya siku kumi na moja, bei laki moja na ishirini. Akaja mama mmoja, amevaa vizuri, akamwangalia yule kanga kwa muda mrefu. Moyoni nikasema huyu ananunua. Akatoa elfu kumi, akaiweka mezani, akasema "pole sana kaka yangu, Mungu atakusaidia", akaondoka. Nikamwita, mama, mzigo wako huu hapa, bado laki na kumi. Akanipungia mkono, akaendelea na safari yake. Nikamtuma kijana amkimbizie na ile hela, akampotea kwenye watu.

Ndugu zangu, siku ile niliumia. Nilitaka abishane na mimi. Aseme bei kubwa, shingo imepinda, nipunguzie. Mteja anayekupunja bei ameshakubali kwamba una bidhaa.

Jioni ikaja zamu ya kupanda jukwaani. Ngazi sita, hakuna pa kupitisha baiskeli. Mabaunsa wanne wakanibeba juujuu kama kabati, mbele ya watu. Mwaka uliofuata waliponialika tena nikatoa masharti mawili: ziwekwe mbao za kupandia, na bango liandikwe "Sanamu za Chuma". Wakakubali yote na wakayatimiza, kumbe ilitosha kusema tu. Niliuza vipande vinne, na kimoja tulibishania bei karibu nusu saa.

Anayetaka kuona pamepangwa vizuri aende Neema Crafts, Iringa. Tangu 2003 watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona, wanatengeneza hadi karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, na wewe mteja ndiye unayejifunza namna ya kuagiza. Unalipa kwa sababu kitu umekipenda.

Mwana wa Newala

Mleta uzi, kwenye jina nakukatalia kidogo, tena kwa heshima.

Mtwara tumekuwa na tamasha la Makuya. Jina lenyewe ni Wamakonde, Wamakua na Wayao wameunganishwa. Kikundi cha baba kilikwenda na kinyago, yule wa kutembea juu ya miti mirefu. Kwetu kinyago kikishavaliwa, aliyekivaa hayupo tena. Ndani yake hamtajwi mtu, hata kama kila mmoja pale uwanjani anazijua nyayo zake.

Mtangazaji alikuwa kijana wa mjini, mchangamfu, hana nia mbaya. Ngoma ilipopoa akamsogelea kinyago na kipaza sauti: "Hebu tuambie mtaalamu, unaitwa nani?" Wapigaji wakaacha kupiga. Uwanja ukawa kimya. Akina mama wa kwetu waliokuwa mbele wakaangalia chini. Mzee mmoja wa kikundi akaenda taratibu, akaomba kipaza sauti, akataja jina la kijiji chetu, akakirudisha kipaza. Ngoma ikaanza upya.

Kwenye malipo ikaja shida ya pili. Fomu ilitaka jina na sahihi ya kila mchezaji. Baba akasaini peke yake kwa niaba ya wote, mhasibu akagoma, wakavutana mpaka jioni ndipo ikakubalika. Pesa ziligawanywa nyumbani chini ya mkorosho, kila mtu akapata chake, na aliyevaa kinyago naye akapata bila kutajwa.

Mjukuu wa Mpiga Muheme

Umenirekebisha, ndugu yangu, na nimekubali. Swali langu sasa lisomeke hivi: je, lilitajwa jina ambalo wasanii wenyewe walitaka litajwe?

Binti Michenzani (Unguja)

Mimi nna dogo tu la kusema. Bi Kidude, jina lake khasa Fatuma binti Baraka, yule muimbaji wa taarab na unyago, nilimuona Ngome Kongwe kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, keshakuwa bibi kizee, anapiga ngoma ya msondo. Vijana wote kimya. Amefariki Aprili 17, 2013, na tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, aliipata 2005, uzeeni. Kila nikimkumbuka nawafikiria wale mabibi wengine wa unyago wa mitaani kwetu waliokuwa na sauti na mikono kama yake na hakuna aliyewarikodi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmojawapo. Nyimbo zake nilizozishika ni mbili.

Mama Mapacha (Mwanza)

Nina mapacha wa kike, mmoja ana ualbino. Wanaimba wote kwaya, ila huyu mwenye ualbino ndiye mwenye sauti, na hilo pacha wake analisema mwenyewe bila wivu.

Miaka kadhaa iliyopita watoto waliitwa kutumbuiza kwenye maadhimisho ya Juni 13, siku ya kimataifa ya watu wenye ualbino. Nilifurahi sana. Tumefika, nikaangalia ratiba: watoto wenye ualbino wanaimba saa saba mchana, jukwaa halina turubai. Turubai lipo kwa wageni waalikwa. Siku ni yao, na kivuli si chao! Ngozi ya mwanangu naijua mimi. Dakika ishirini za jua la saa saba zinatosha kumbabua, na saratani ya ngozi ndiyo inayowamaliza watu wenye ualbino wakiwa bado vijana.

Nikaenda kwa mratibu nikamwambia hawaimbi. Akanijibu ratiba imeshachapishwa. Nikakaa chini pale mbele ya meza yake, wazazi wengine wakaja wakakaa pembeni yangu. Hatukupiga kelele. Ratiba ikabadilishwa, wakaimba saa kumi na moja na nusu jioni, na kofia zao zenye ukingo mpana, mwanangu ameshika sauti ya kwanza. Malipo hayakuwepo, ila kila mtoto alipewa chupa ya losheni ya kuzuia jua, na kwetu hiyo ni mali.

Ombi langu kwa waandaaji ni fupi: kabla hamjapanga saa, muulizeni mzazi.

Brashi ya Msasani

Nachangia kama mchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa picha, alitoka Tunduru, alipita mashamba ya mkonge Tanga, Dar akafanya vibarua. Alipoanza kuchora, mwaka 1968 hivi, alitumia vipande vya ubao na rangi ya kupakia baiskeli, akiuza karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka michache tu, na leo tunaokula kwa mkono wake hatuhesabiki.

Nasema hivi kwa sababu kwenye maonyesho makubwa bado tunaambiwa hii ni "picha za watalii", tunapangwa karibu na vikapu. Tamasha la mtaani kwetu ndilo lililonipa ukuta mzima, mita nane. Nilichora papa, pweza na wavuvi wa hapa hapa, watoto wakajaza madoa. Walinilipa rangi na laki mbili. Nilisaini kona ya chini kulia, kubwa.

Msafiri wa Marsabit (Kenya)

Salamu kutoka kaskazini. Tamasha la Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ndilo lilinifunza kwamba Waelmolo bado wana nyimbo. Ni jamii ndogo mno, wavuvi, na lugha yao ya zamani imekwisha, sasa wanazungumza Kisamburu. Walisimama baina ya Waturkana, Warendile na Wagabra walio wengi kuwashinda mbali, wakapewa muda ule ule. Hapo niliona haki. Malipo sikuuliza, nisiwadanganye.

Mjukuu wa Mpiga Muheme

Asanteni wote. Jana usiku nimemsomea bibi uzi wote, taa ikiwa imezimwa maana macho yanamsumbua. Magoti nayo hayabani ngoma tena kama zamani; anayeongoza sasa ni shangazi, yeye anakaa kwenye kigoda pembeni na kukemea anayekosea. Kisa cha kinyago alikielewa kabla sijamaliza. Kwa Mama Mapacha alisema "huyo ni mzazi". Ila Fundi Chuma ndiye hakumwacha alale. Ameniagiza nikuulize: yule kanga yuko wapi?

Fundi Chuma

Mwambie bibi ninaye. Nilishatakiwa bei yake mara mbili nikakataa, yuko juu ya dirisha karakana. Na ile elfu kumi ipo, nimeikunja nikaitia ndani ya shingo yake, siku yule mama akipita nimrudishie.