Naomba ushauri: kusomea IELTS (mtihani wa Kiingereza) huku nafanya kazi za zamu

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, niko Mwanza, najiandaa na IELTS Academic ili niombe usajili wa uuguzi Uingereza. Wanataka alama 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika.

Kusikiliza sina shida sana. Kinachonitesa ni kuandika: dakika 60 kwa kazi mbili, ya kwanza maneno 150 ya kuelezea grafu au jedwali, ya pili insha ya maneno 250. Insha ndiyo yenye alama nyingi, kwa hiyo naona bora nianze nayo, ila mwenzangu kazini anabisha. Mliofanya, mlianza na ipi? Na nani aliwasahihishia insha? Kujisahihisha mwenyewe naona ni kujidanganya tu.

Halafu muda. Wiki ya zamu ya usiku kichwa hakishiki kitu, na zile ratiba za saa tatu kila siku zimeandikwa na watu wasioijua wadi. Aliyesoma huku yuko kazini alijipangaje? Kidogo kidogo kila siku, au mtihani mzima wa majaribio siku ya mapumziko? Kozi ya kulipia kwa sasa siimudu.