Mjadala: Wazee wapewe kura katika kamati za afya, au waendelee kualikwa tu?

Mtoa mada (Ilemela):

Wazee wangu mnaosoma hapa, shikamooni. Wengine, habari za kazi. Naleta hoja hii tuijadili kwa uwazi: je, iwe lazima kwa kamati za usimamizi wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na bodi za afya za halmashauri, kuwa na wajumbe wazee wenye haki ya kupiga kura, waliochaguliwa na mabaraza yao wenyewe? Mimi nasema ndiyo.

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mtu wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Hilo ni jambo jema, lakini mtu anaweza kusamehewa malipo na bado asisikilizwe. Mama yangu mkubwa anaishi kisiwani Ukerewe, na huja mjini Mwanza kwa kliniki ya shinikizo la damu. Kadi zinakusanywa saa moja asubuhi, na orodha hufungwa kabla meli ya asubuhi kutoka Nansio, bandari ya huko kisiwani, haijatia nanga, hivyo analazimika kuvuka ziwa siku moja kabla na kulala kwa ndugu. Kadi yake huiviringisha katika mfuko wa nailoni na kuishika mkononi tangu gatini hadi kwenye benchi, na akishaketi, jina lake huitwa mlangoni kwa sauti ndogo asiyoweza kuisikia, mpaka kijana aliyekaa pembeni amguse bega. Siamini kwamba kuna mtu aliyekusudia kumtesa. Ratiba ilipangwa na watu ambao hawajawahi kuvuka ziwa wakiwa na miaka 74.

Suala la macho lina uzito zaidi. Huku kwetu Usukumani wapo vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na alama waliyonyooshewa kidole ni macho mekundu, ambayo mara nyingi yalitokana na miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Bajeti ikibana, dawa ya macho yaweza kuonekana kitu kidogo cha kupunguzwa. Kwa bibi wa Misungwi au Kwimba, matibabu ya macho ni ulinzi wa uhai wake, na akipewa kiti atalisema hilo kikaoni bila kumung'unya maneno.

Mchangiaji, muuguzi (Sengerema):

Ndugu mtoa mada, uchungu wako naukubali, ila dawa unayopendekeza naitilia shaka. Tunawahudumia wazee bila malipo, na mara nyingi hakuna fedha inayorudi kufidia dawa tulizotoa. Kura ya mjumbe haijazi kabati. Tena nimewaona wanaochaguliwa: ni wastaafu wa kiume, wenye pensheni na bima, wanaoishi kando ya barabara ya lami. Bibi unayemsema hatafika kikaoni. Na tusisahau kwamba wodi ya wazazi ndiyo inayofurika kila wiki.

Mtoa mada:

Dada yangu muuguzi, hoja ya wastaafu umeniweza, nami narekebisha pendekezo: nusu ya wajumbe wazee wawe wanawake, na angalau mmoja awe mtu asiye na pensheni. Kuhusu wodi ya wazazi sioni ugomvi, kwa sababu bibi huyohuyo ndiye anayembeba mjukuu mgongoni kumpeleka kupimwa malaria.

Kabati tupu ndilo linalonifanya nishikilie kura. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kila mahali itakapotekelezwa litaulizwa swali moja: nani ahesabiwe kuwa hana uwezo? Afisa aliyehamia kijijini mwaka jana ataangalia bati la nyumba. Wazee wenzake wanajua ni nani anayetumiwa fedha na watoto walioko Dar es Salaam, na ni nani aliyejengewa bati hilo na marehemu mwanawe na sasa analea wajukuu peke yake.

Lililobaki, na hapa naomba wenye uzoefu wa halmashauri watusaidie, ni nauli. Mjumbe wa kisiwa cha Ukara akiitwa kikao Nansio ni lazima avuke maji, na kikao kisichomlipia nauli kimeshamwondoa kabla mwenyekiti hajakifungua.