Timu ya tatu inachukuaje ubingwa wa nchi? Mnaofuatilia besiboli ya Japani mliopo Moshi na Arusha, njooni

Bibi Shamba wa Chekereni

Wana jukwaa, salamu. Najua hapa ni Simba na Yanga tangu kunakucha, lakini nina jambo limenikaba kooni tangu Septemba na sina wa kumwambia. Kazini hawaelewi. Nyumbani mume wangu ananihurumia, ila huruma ya mtu asiyejua umefiwa na nani haikati kiu.

Mimi ni bibi shamba, nashughulika na mpunga hapa Chekereni, Moshi. Mwaka 2016 nilipata ufadhili nikaenda kusoma Higashi-Hiroshima, nikarudi mwishoni mwa 2018. Jirani na hosteli yetu aliishi mama mmoja mtu mzima, mpaka leo namwita Mama wa Saijo. Ndiye aliyenivalisha jezi nyekundu ya Hiroshima Carp na kunipandisha treni kwenda uwanjani. Miaka yote mitatu, 2016, 2017 na 2018, Carp ilichukua ubingwa wa ligi ya Central, moja ya ligi mbili za kule, mfululizo, baada ya kukaa miaka 25 bila kuugusa. Nikadhani kushabikia timu ndivyo kulivyo.

Timu yenyewe ina historia yake. Hiroshima ilipigwa bomu la atomiki Agosti 1945. Miaka minne baadaye, mji ukiwa bado unajijenga upya, watu wakaunda timu. Kufika 1951 hela ikawa imekwisha kabisa. Yakawekwa mapipa ya pombe ya mchele mlangoni mwa uwanja, kila anayepita anatumbukiza alichonacho, timu ikapona. Baba yake Mama wa Saijo alikuwa mmoja wa waliotumbukiza sarafu. Alinisimulia hayo tukiwa tumekaa jukwaani, huku pembeni mashabiki wanasimama na kuchuchumaa kwa kupokezana, kundi hili juu, lile chini, tarumbeta zinalia na kila mpigaji anaimbiwa wimbo wake mwenyewe. Ukirudi nyumbani mapaja yanauma kama uliyeshinda jarubani unapandikiza miche.

Sasa mwaka huu wa 2024. Carp iliuanza mwezi wa tisa ikiwa kileleni. Ndani ya mwezi huo ilicheza mechi 25, ikashinda 5 na kupigwa 20. Tano! Na katika hizo ishirini iko moja ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona.

Ilikuwa Jumatano, Septemba 11, tunacheza na Giants nyumbani Hiroshima. Mechi za jioni kule zinaanza saa kumi na mbili, ambayo kwetu ni saa sita mchana. Siku hiyo nilikuwa kwenye kibanda cha wafukuza ndege, maana kwelea kwelea walikuwa wameshaingia kwenye mpunga. Bando halikutosha kuangalia picha, kwa hiyo nilikuwa nafuata lile jedwali la namba tu: safu mbili, kila timu na vyumba vyake tisa. Zamu nane zimekwisha, Carp 2, Giants 0. Imebaki zamu moja. Watu watatu tu wa kuwatoa, tumemaliza. Chumba cha tisa cha Giants kiko kitupu.

Kikaandika 1. Nikasema sawa, bado tunaongoza. Kikabadilika tena. Nikafuta kioo kwa ukingo wa khanga, nikidhani ni vumbi. Kikabadilika tena, na tena. Vijana wanapiga madebe, ndege wanaruka wanarudi, na mimi nimeganda na simu mkononi. Kilipotulia kilikuwa kinasoma 9. Pointi tisa katika zamu moja, ya mwisho. Mechi ikaisha 9 kwa 2.

Jioni yake Mama wa Saijo alinitumia picha bila neno lolote. Ni redio yake ya jikoni, ile anayosikilizia mechi akiwa anaosha mchele. Ameigeuzia uso ukutani.

Tulimaliza wa nne: ushindi 68, vipigo 70, sare 5. Wa tatu wakawa Yokohama, DeNA BayStars: ushindi 71, vipigo 69, sare 3. Yaani wametuzidi mechi tatu za ushindi. Kwa utaratibu wa kule, wa tatu anaingia kwenye mtoano wa mwisho wa msimu, wa nne anakwenda nyumbani. Hao Yokohama wakaenda kumpiga wa pili kwake, wakampiga wa kwanza kwake, na Novemba 3 wakawa mabingwa wa Japani nzima.

Ndipo swali langu lilipo. Timu iliyoshinda 71 na kupigwa 69 inakuwaje bingwa wa nchi? Nisaidieni, maana najiona nachukia furaha ya watu ambao hawajanikosea. Carp haijawa bingwa wa Japani tangu 1984. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Mangi wa Kiboriloni

Dada pole sana. Huo mchezo sijawahi kuuona hata siku moja ila nimekusoma mpaka mwisho. Naomba unieleweshe mambo mawili. Hiyo zamu ndiyo nini? Na sare inatokea wapi, maana kama hakuna dakika za kuhesabu si mnacheza tu mpaka mmoja ashindwe?

Bibi Shamba wa Chekereni

Kaka asante kwa kunisoma. Unaikumbuka rede? Wawili wanarusha mpira, wengine wako katikati, ukiguswa umetolewa. Wazo ni lile lile, ila hapa wa katikati ana rungu. Timu moja inapiga na kukimbilia besi, yaani vituo vinne vya uwanjani, ukivizunguka vyote ni pointi; nyingine inarusha na kudaka. Mkitolewa watatu mnapokezana. Timu zote mbili zikishapata nafasi yao, hiyo ni zamu moja. Mechi ni zamu tisa, zikifungana wanaongeza mpaka ya 12, na ya 12 ikiisha bado wako sawa, basi ni sare.

Hapo kwenye sare umenigusa kidonda cha zamani. Oktoba 27, 2018, mechi ya kwanza ya fainali ya Japani, Carp na Hawks wa Fukuoka kutoka ligi ile nyingine, pale pale Hiroshima. Tiketi hatukupata, tukakaa sebuleni kwa Mama wa Saijo, chai inapoa anaipasha, inapoa anaipasha. Zamu 12 zikaisha 2 kwa 2. Watu uwanjani wakapiga makofi wakaanza kukusanya mifuko yao. Mimi nimesimama katikati ya sebule nauliza, "Ndiyo imeisha?" Imeisha. Tulishinda ya pili, kisha tukapigwa nne mfululizo.

Kingine, maana nimeshaanza: banti. Mwenzako akifika besi ya kwanza, wewe unayefuata unaambiwa usipige. Uuguse mpira kwa rungu udondoke pale mbele yako, wewe utolewe, mwenzako asogee besi moja. Una watu watatu tu wa kupoteza, unamtoa mmoja kwa hiari yako, tena wakati mwingine zamu ya kwanza kabisa! Wajapani wanaipenda banti. Ikikaa vizuri Mama wa Saijo alikuwa anapiga makofi kama amepiga yeye. Mimi nilikuwa naumia.

Nesi wa Sakina

Dada yangu, nimekuja mbio kutoka Arusha! Nilikaa Fukuoka miaka miwili na mimi ni Hawks. Ndiyo, hao hao waliowapiga nne mfululizo, unisamehe. Lakini ukitaka kujua maumivu njoo kwetu. Wewe umeumia Septemba, mimi nimeumia Novemba, kwa sababu hao Yokohama walimalizia kazi yao kwetu.

Hawks mwaka huu ilishinda mechi 91 na kupigwa 49. Tisini na moja! Fainali ikaanza Yokohama, tukashinda mbili za kwanza kwao. Nikampigia mwenzangu tuliyesoma naye, nikamwambia hii imekwisha, tunarudi nyumbani kumalizia. Tukarudi Fukuoka. Ya kwanza pale tukapigwa 4 kwa 1. Ya pili 5 kwa 0. Ya tatu 7 kwa 0. Siku tatu, uwanjani kwetu, mbele ya watu wetu, pointi moja. Tukarudi Yokohama wakatumaliza 11 kwa 2.

Kwa hiyo mimi ndiye ningestahili kusema tumeonewa, na sisemi. Sikia kwa nini. Huo mtoano haumchukulii wa kwanza kama wa tatu. Wa pili na wa tatu wanapokutana, mechi zote zinachezwa kwa wa pili. Anayepita anamfuata wa kwanza, mechi zote kwa wa kwanza, na kwa utaratibu wa 2024 wa kwanza alianza akiwa na ushindi mmoja mkononi kabla mpira haujarushwa. Yokohama walipita vyote hivyo, wageni kila siku. Na ubingwa wa ligi hawakuuchukua wao. Bingwa wa Central 2024 ni Giants na itaandikwa hivyo milele. Ubingwa wa Japani ni kombe jingine. Hapa kwetu mtu akichukua Ligi Kuu halafu akatolewa kwenye Kombe la Shirikisho, hatusemi ameibiwa ligi yake.

Tena si mara ya kwanza, Chiba Lotte nao walifanya hivyo 2010 wakitokea nafasi ya tatu. Timu iliyopata pointi moja katika mechi tatu za nyumbani haiwezi kulalamikia utaratibu. Nimelia, nimenawa uso, nikaingia zamu ya usiku.

Bibi Shamba wa Chekereni

Nesi, pole mama, kweli pole. Hizo namba za Fukuoka nilizifuatilia na sikuziamini.

Hilo la ushindi mmoja wa kuanzia na la kucheza nyumbani nalikubali, umenieleza vizuri kuliko nilivyokuwa nalijua. Kombe la Shirikisho sikubali. Kombe lile lina mashindano yake tangu mwanzo, mtu anajua anacheza nini. Huu mtoano umepandishwa juu ya mechi 143 zile zile. Mtu ameamka kila siku tangu mwisho wa Machi, amesafiri, amecheza kwenye joto la Agosti lile (unalijua wewe, nguo zinakauka jasho likiwa ndani), halafu wiki moja ya Oktoba ndiyo inaamua nani anacheza fainali. Mkulima akinipa gunia 30 kwa ekari, siji kupima upya kwa debe alilovuna jana.

Ila niseme ukweli wangu wote, kwa sababu nimekaa na hili tangu asubuhi baada ya kukusoma. Ingekuwa Carp ndiyo iliyoshika nafasi ya tatu, ikaenda ikawapiga wote hao, nisingefungua mada hii. Ningekuwa nimenunua soda kwa vijana wote wa kufukuza ndege, na Mama wa Saijo angekuwa ameigeuza redio yake.

Mzee wa Njoro

Binti yangu, salamu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha hii habari kwa sababu aliona neno Chekereni.

Mimi nilifanya kazi na Wajapani wakati mifereji ya huko inajengwa, miaka ya themanini. Jioni wakishaoga, wawili walikuwa wanasimama kando ya magari, hatua kama ishirini, wanarushiana mpira. Hawaongei. Unasikia tu pa! kwenye glovu, kimya, pa! Sisi tumekaa kwenye ukingo wa mfereji tunawatazama mpaka giza linaingia. Siku moja mmoja akanivalisha ya kwake, akanirushia. Mkono uliwaka mpaka kiwiko. Alipoondoka aliniachia ile glovu. Ninayo hapa nyumbani. Ngozi imekauka na panya wamekula kamba moja ya kidoleni, lakini ipo.

Juu ya ile banti yako. Maji yalipokuwa machache sisi wa juu tulikuwa tunafunga lango letu ili yafike kwa wa chini. Mpunga wetu unachelewa, wa mwenzako unapona. Hatukusema tumetolewa bure.

Bibi Shamba wa Chekereni

Shikamoo baba.

Nimeisoma mara tatu habari ya glovu. Nayajua hayo malango, mengine mpaka leo tunagombana nayo kila msimu. Lakini baba, wewe wa juu ukifunga leo, ratiba inakurudishia maji yako keshokutwa. Aliyepiga banti ametolewa, zamu hiyo imekwisha kwake. Hapo bado tunabishana mimi na wewe, na Mama wa Saijo nitamwambia amepata mtu wa upande wake Njoro.

Naomba usiipake glovu mafuta ya kupikia, yanaiozesha. Ninayo mafuta ya ngozi niliyotoka nayo kule, kopo halijafika nusu. Na ile kamba iliyoliwa inabadilishwa, nilifundishwa kuifuma. Jumamosi nina safari ya mjini, naweza kupita?

Nesi wa Sakina

Jamani, na mimi nataka kuiona! Msimu ujao unaanza mwishoni mwa Machi. Jumamosi mechi nyingi za kule ni saa nane mchana, kwetu inakuwa saa mbili asubuhi. Dada, Carp ikikutana na Hawks nakuja Moshi tuangalie pamoja, bando juu yangu.

Mzee wa Njoro

Marahaba binti. Njoo asubuhi, kabla jua halijawa kali, uwanja uko nyuma ya nyumba. Mpira wenyewe ndio haupo. Ulitumbukia mfereji mkuu mwaka ule ule, tukaukimbiza mpaka tukachoka.