Je, majina ya mwanzoni mwa filamu yana nafasi katika uchambuzi?

Mwanafunzi wa Ujiji
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Hapa Kigoma tuna kikundi kidogo cha kutazama filamu na kuzijadili kwa maandishi, na safari hii kila mmoja ametakiwa kuchambua mwanzo wa filamu moja, tangu picha ya kwanza hadi tukio kubwa la kwanza. Kuhusu kamera na sauti hatuna ubishi. Ubishi umezuka juu ya majina ya waigizaji na watengenezaji yanayopita kwenye skrini, kwani wenzangu wanashikilia kwamba hayo ni matakwa ya mikataba tu na kwamba anayeyachambua anajaza karatasi. Je, yana nafasi gani? Na kama yanayo, yapewe aya yake peke yake?

Mhariri wa Picha, Tabora
Wenzako wamesema nusu ya ukweli. Nani atangulie na nani aandikwe kwa herufi kubwa ni mambo ya mikataba kweli, lakini mtazamaji haoni mkataba. Anaona maandishi juu ya picha, na macho yake huvutwa kuyasoma. Jiulize basi yanamnyima kuona nini katika sekunde hizo.

Mfano ninaoupenda ni filamu ya Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles, kwa sababu mwanzo wake unapatikana katika hali mbili. Picha ni zilezile: mikono inatega bomu la saa, bomu linatiwa kwenye buti la gari, mwanamume na mwanamke wanaingia garini bila kujua, kisha kamera iliyopandishwa kwenye kreni inapaa, inashuka na kulifuata gari hilo katika mitaa ya mji wa mpakani mwa Meksiko na Marekani kwa zaidi ya dakika 3 bila kukatwa. Njiani inawakuta mume na mke wanaotembea kwa miguu, na gari mara liko karibu nao, mara limetoka kabisa kwenye fremu, yaani nje ya mipaka ya picha. Katika nakala ya mwaka 1958, studio ya Universal iliyapitisha majina juu ya safari hiyo na kuiwekea muziki wa Henry Mancini. Mwaka 1998 mhariri wa filamu Walter Murch aliihariri upya kwa kufuata waraka wa kurasa 58 ambao Welles aliiandikia studio, majina yakaondolewa pale mwanzoni, na mahali pa muziki ule tukapata sauti za mtaani: vilabu vinavyopitwa kimoja baada ya kingine, pamoja na redio ya gari lenyewe.

Isikilize redio hiyo. Ikivuma, bomu limekaribia. Ikififia, limesogea mbali. Na gari lisipoonekana, sikio ndilo linalokuambia lilipo. Ukitenga aya ya kamera, aya ya sauti na aya ya majina, jambo hilo litakuponyoka, maana linatokea pale vitatu hivyo vinapokutana.

Mdau wa Mwanga
Nakubaliana na Mhariri, ila nisingeupuuza muziki wa Mancini. Ngoma za bongo na tarumbeta zake zina msukumo wake, na mtu anaweza kudai kwamba mtazamaji aliyeshughulishwa na majina hulisahau bomu, kwa hiyo mlipuko humshtua zaidi. Binafsi naipendelea nakala ya 1998, lakini dai hilo linastahili kujibiwa katika uchambuzi wenyewe.

Sisi wa huku tuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni zile nakala zilizotafsiriwa tunazoziona kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuoneshea video. Mtafsiri huutumia muda wa majina kujitambulisha, kusalimia watu na hata kudokeza yatakayotokea, huku sauti ya asili ikiteremshwa chini. Siidharau sanaa hiyo, na ingefaa ipate uchambuzi wake. Ila anayeandika kuhusu sauti ya Welles kwa kutumia nakala ya namna hiyo atakuwa anamchambua mtafsiri.

Mwanafunzi wa Ujiji
Nawashukuru sana, wakuu. Kwa filamu hiyo, mwanzo tuseme unaishia wapi? Kwenye mlipuko, au baada yake?

Mhariri wa Picha, Tabora
Ningeishia pale picha inapokatwa kwa mara ya kwanza. Mume na mke wameshavuka mpaka, wanabusiana, mlipuko unasikika nje ya fremu, wanageuka, na hapo tu ndipo tunakatiwa kwenda kwenye gari linalowaka moto. Sauti imeitangulia picha kwa mara nyingine, na hiyo ni hoja ya kuandikia aya nzima.

Kuhusu utaratibu, tazama kwanza ukiwa umezima sauti, kisha sikiliza ukiwa umeipa skrini mgongo, na kila mara uandike sekunde ya kila badiliko. Sekunde ambazo kamera, sauti na maandishi vyote vinabadilika kwa pamoja ndizo za kuanzia. Usisahau pia kutaja kama umetumia nakala ya 1958 au ya 1998, kwa sababu msomaji aliyeona ile nyingine atadhani umesikia mambo yasiyokuwepo.