Mjadala: Je, gari la vita lisilo na dereva liachiwe kuamua lenyewe nani apigwe?

Mtoa mada: Ndugu zangu, mwaka 2000 Bunge la Marekani liliweka lengo kwamba kufikia 2015 theluthi moja ya magari ya mapigano ya nchi kavu yasiwe na mtu ndani. Lengo halikufikiwa, ila kazi haikusimama. Mimi naona gari liachiwe kubeba maji na majeruhi, lakini kufyatua risasi kubaki uamuzi wa mtu. Mnasemaje?

Sajini Mstaafu: Wengi wanaoandika hapa vita wameviona kwenye televisheni tu. Katika msafara wa malori, dereva wa gari la mbele ndiye anayekanyaga bomu kwanza, na anayekataa mashine ishike nafasi yake aende akamweleze mama wa dereva huyo sababu. Mashine haina woga wala kisasi. Tena si ndoto: mwaka 2004 gari la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilivuka jangwa la Mojave peke yake.

Mwanaidi: Sajini, kwa heshima zote, baba yangu alirudi kutoka vita vya Kagera na mguu mmoja, na mkongojo wake mpaka leo umeegemezwa nyuma ya mlango wetu. Usitusimulie televisheni. Kilichomkata ni bomu la kutegwa, ambalo halikujali kama aliyekanyaga ni askari au mchunga mbuzi. Kwangu hiyo ndiyo silaha ya kwanza kuachiwa iamue yenyewe.

Mhandisi: Tuweke sawa kumbukumbu. Yale yalikuwa mashindano ya magari yasiyo na dereva, na mwaka 2004 hakuna gari lililomaliza. Lililofika mbali zaidi, la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, lilikwama baada ya kilomita 12 hivi kati ya 240. Stanford walishinda 2005. Na hata hiyo ilikuwa njia ya jangwani, isiyo na mtoto anayekatiza kufuata mpira. Urusi ilipoipeleka Uran-9, gari lake la vita lisilo na mtu ndani, nchini Syria, ilikuwa ikipoteza mawasiliano na waliokuwa wakiiongoza kwa mbali. Mimi naogopa hapo hasa, kwa sababu jeshi lililochoshwa na mawasiliano yanayokatika litatafuta gari lisiloyahitaji kabisa.

Sajini Mstaafu: Nimekubali kuhusu mwaka. Dada Mwanaidi, mpe mzee pole zangu, lakini bomu la kutegwa ni kipofu, na gari lina kamera.

Kijana wa Morogoro: Kwa kuwa mabomu yametajwa, panya waliofundishwa hapa Chuo Kikuu cha Sokoine wamefanya kazi ya kuyanusa Msumbiji. Panya hukwaruza udongo, kisha binadamu ndiye anayeamua la kufanya. Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaoutaka.

Sajini Mstaafu: Sasa tunafananishwa na panya!

Kijana wa Morogoro: Mzee wangu, nimeifananisha kamera.

Wakili: Mwongozo wa Pentagon wa 2012 ulitaka uamuzi wa binadamu kwa kiwango "kinachofaa", bila kusema ni kiwango gani. Desemba 2023 nchi 152 ziliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu silaha hizi, lakini azimio hilo halikupiga marufuku chochote. Gari likiua raia, nitamfikisha nani mahakamani: kamanda, au aliyeandika programu?

Mwanaidi: Sajini hajanijibu bado. Hiyo kamera, saa ya magharibi, itatofautishaje jembe begani na bunduki begani?

Sajini Mstaafu: Hata sisi tulikuwa tunakosea.