Tupeane uzoefu: nyimbo za sikukuu redioni na kumbukumbu zake kwetu Kusini

Mwana Mikindani
Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, fedha za korosho zimeanza kuingia na redio zimeshabadilisha nyimbo. Kila Desemba hurejea zilezile, na hali hiyo haiko kwetu pekee. Wimbo wa Mariah Carey, "All I Want for Christmas Is You", ulitoka mwaka 1994, lakini ulishika namba moja katika chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani kwa mara ya kwanza Desemba 2019. Chati ile hujumlisha kupigwa redioni, mauzo na usikilizaji wa mtandaoni, kwa hiyo wimbo wa zamani unaopigwa na vituo vingi msimu mzima hupanda upya hata kama mwimbaji wake hajarudi studio. Ninaamini kwamba wimbo wa sikukuu hukuzwa na watangazaji wanaoutunza na kuurudia, mpaka mtoto aliyeusikia akiwa mgongoni mwa mama yake anakuwa mtu mzima na kupiga simu kuuomba. Kwaya zetu na madrasa zetu zinaimba vizuri mno, ila nyimbo zao zikipita msimu mmoja hazisikiki tena. Tupeane uzoefu: ni wimbo gani, na uliusikia wapi?

Binti Newala
Kwetu alikuwa Jim Reeves, yule mwimbaji wa Marekani. Tulianika betri juani mchana kutwa ili redio isizimike usiku wa mkesha. Baba hakujua Kiingereza, lakini aliufuata wimbo mpaka mwisho, na hakuna aliyethubutu kuzungumza wakati huo.

Mzawa wa Mtanda
Ni kweli kabisa, dada. Betri za National zilianikwa juu ya bati hata hapa Lindi mjini.

Msafiri wa Masasi
Mmenikumbusha jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mliosafiri kutoka Dar es Salaam kabla lami haijakamilika mnakijua kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 za udongo ambao mvua ikishanyesha haukuruhusu gari kupita. Tulikuwa tunampeleka kaka yangu Masasi kwa mazishi. Jeneza lilikuwa nyuma ya basi dogo tulilokodi, na mama alikaa kando yake, mkono wake ukiwa juu ya mbao tangu tulipoondoka. Jioni ya mkesha wa Krismasi tulikwama nyuma ya malori yaliyozama hadi ekseli. Dereva aliwasha redio akitarajia kusikia habari za barabara, ukaja "Mary's Boy Child" wa Boney M. Shemeji yangu alisimama akamwamuru azime, kwa kuwa si heshima muziki kupigwa penye maiti. Dereva alibisha, utingo akaingilia, na watu wa malori wakasogea kuamua ugomvi. Ndipo mama, ambaye hakuwa amesema neno safari nzima, akasema: "Mwacheni aimbiwe. Huu alikuwa akiuimba kwaya." Kituo kile kiliurudia usiku ule, na kila ulipoanza wasafiri tusiowajua walikuja madirishani wakaitikia pamoja nasi, wakiwemo wazee wa Kiislamu waliovaa kofia zao. Trekta lilituvuta asubuhi, na tulimzika siku iliyofuata Krismasi. Mpaka leo wimbo huo ukianza ninazima redio, na wanangu wakiniuliza sababu, ninashindwa kuwaambia.

Binti Newala
Pole sana, kaka yangu. Mungu amlaze mahali pema.

Mzawa wa Mtanda
Pole. Nakushauri uwaeleze watoto, kisha muusikilize pamoja Desemba hii.

Nahodha wa Sudi
Mimi nashauri kinyume chake. Usijilazimishe. Desemba nzima sikiliza mpira na taarifa ya habari tu, maana vituo havitaacha kuupiga kwa ajili yako.

Mnada wa Korosho
Msafiri, pole kwa msiba wako. Hata hivyo, naomba niseme wazi kwamba vituo vyetu vinatujaza nyimbo za Wazungu kuhusu theluji, na sisi Desemba hapa tunatoka jasho tukiwa tumekaa kivulini. Zisipigwe kabisa.

Mama wa Ndanda
Mwanangu, mwenzio ametoka kueleza msiba na wewe unaleta mabishano, jambo ambalo si la kiungwana. Tena hujachunguza. "Mary's Boy Child" uliandikwa na Jester Hairston, Mmarekani mweusi, Harry Belafonte akaurekodi mwaka 1956, na waimbaji wa Boney M. walioushikisha namba moja Uingereza Krismasi ya 1978 asili yao ni visiwa vya Karibi. Hata "White Christmas" wa Irving Berlin, ambao Bing Crosby aliurekodi mwaka 1942, ubeti wake wa utangulizi unamweleza mtu aliye California, penye jua na michikichi, akitamani Krismasi ya kaskazini. Mtu wa Mtwara aliyekwama mbali na kwao ana haki zote za kuuimba.

Mnada wa Korosho
Shikamoo, mama. Kuhusu asili ya nyimbo hizo nimekubali. Lakini je, kwaya ya Ndanda inapigwa lini? Hapo sirudi nyuma.

Ustadhi Kilwa
Naomba na sisi tukumbukwe. Idi huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, hivyo kaswida hazina mwezi wao maalumu kama Desemba, na mtangazaji hazioni zikija. Mwishoni mwa Desemba 2000 Idi el-Fitri ilifuata Krismasi kwa siku chache tu. Tulikuwa tumefunga huku jirani anafungulia nyimbo zake, na mwezi ulipoandama yeye mwenyewe alikuja kuuliza ni kituo gani kinapiga kaswida ili watoto wake wasikie. Sijasikia tena redio ikizipiga zile za mwaka ule, nami ningetoa chochote kuzipata.

Mwana Mikindani
Ustadhi, hilo ndilo linaloniumiza. Viongozi wa kwaya na madrasa wasajili nyimbo zao COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na katika taasisi inayokusanya mirabaha ya muziki, ili iwafikie zinapopigwa, kisha wapeleke nakala vituoni kabla ya Novemba, na wapeleke zilezile mwaka unaofuata.

Nahodha wa Sudi
Kusajili ni kupoteza muda. Mpe mtangazaji flashi, atapiga.

Mwanakwaya Nyangao
Nahodha, flashi hupotea, ndiyo maana nasema kuwe na nakala zaidi ya moja. Ninao mkanda wa kaseti wa nyimbo zetu za Noeli, uliorekodiwa kanisani, na waimbaji kadhaa waliomo wameshafariki. Nani anajua fundi mwenye deki nzima?

Mnada wa Korosho
Yupo mmoja karibu na soko kuu la Mtwara. Tafadhali usiuchezeshe tena nyumbani kabla ya kumpelekea, kwa sababu utepe wa zamani hukatika. Nitagharamia mimi kuuhamisha, pamoja na nakala ya Msafiri kama ataihitaji.