Waja kututaka maoni kuhusu kuvunja nyumba za kaunti, twende au tususe?

leso_na_kahawa:
Wadau hamjambo. Sisi twakaa nyumba za kaunti hapa Mombasa, zile za tangu enzi za manispaa, mamangu yuko humu toka 1984 na sote tumezaliwa hapa hapa. Juzi kumebandikwa karatasi kwenye mlango wa ofisi ya kodi, kizungu kitupu, ati Alhamisi saa nne asubuhi kuna kikao holini cha kuchukua maoni ya wakazi juu ya nyumba za bei nafuu. Saa nne! Nani yuko nyumbani saa hio, wa bandarini wako kazini, wa sokoni wako sokoni. Sasa majirani wamegawanyika, wengine wasema tususe wakute holi tupu wajue hatutaki, wengine twende tuwapigie kelele. Mamangu hataki kelele, ataka kujua kitu kimoja tu, atarudi hapa ama harudi. Sasa kikao kama hicho mtu auliza vipi mpaka apate jibu la maana?

fundi_bomba:
Msisuse. Holi tupu haiandikwi "wamekataa", huandikwa tangazo lilitolewa, kikao kilifanyika, hakuna aliyepinga. Basi mmekwisha.

Alafu chungeni ile karatasi ya kusaini mlangoni. Kwetu sisi tulisaini tukijua ni mahudhurio, tukapewa soda na mkate tukafurahi, kuja kuona ripoti kumbe kurasa zetu zimebanwa nyuma yake na juu pameandikwa wakazi walioafiki mradi. Wallahi saini yangu nimeiona kwa macho yangu, nimejiuza kwa soda baridi. Mkiletewa andikeni juu kwa kalamu MAHUDHURIO TU, kila mtu apige picha na simu yake.

Babu_Ngamizi:
Mwanangu neno la kuogopa ni "kipaumbele". Watawaambia wapangaji wa sasa watapewa kipaumbele na holi zima litapiga makofi. Kipaumbele cha nini? Cha kununua! Mamako leo ni mpangaji, alipa kodi kidogo kila mwezi, ukimpa nafasi ya kwanza ya kununua nyumba ya mamilioni ni kama kumuweka mbele kwenye foleni ya duka na mfukoni hana kitu. Kwa hivyo msiulize "tutarudi?" manake jibu ni ndio siku zote. Ulizeni atarudi kama mpangaji ama mnunuzi, kwa mwezi atalipa ngapi, kwa miaka mingapi, na akishindwa miezi mitatu itakuwaje.

Pia ile sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 imegawa watu kwa mapato, kuna daraja la wanaopata chini ya 20,000 kwa mwezi. Ulizeni kwenye mradi wenu nyumba za daraja hilo ni ngapi, na waandike. Na pesa ya kuhamia msikubali kuambiwa ndio kiwango, mtaa wa Buxton hapa Mombasa walipewa 240,000 kila mpangaji, Pangani kule Nairobi walikuwa familia 48 wakapewa 600,000 kila familia. Hayo hutegemea mlivyozungumza na kukubaliana. Na ujenzi ukichelewa mwaka mzima, kodi ya huko mlikohamia alipa nani?

payslip_imelia:
Samahanini lakini na sisi wengine tusemeje. Mimi nakatwa 1.5% ya mshahara kila mwezi kwa hizo nyumba za bei nafuu na mwajiri aongeza 1.5 yake, nakaa chumba kimoja kwa landilodi apandishaye kodi akijisikia. Nyinyi mko katikati ya mji kwa kodi ya miaka ile, mvua ikinyesha majitaka yaingia jikoni na bado mwasema isivunjwe. Ardhi ni ya umma si ya familia zenu.

fundi_bomba:
@payslip_imelia nani kasema isivunjwe? Soma tena swali. Mama ataka kujua atarudi ama harudi, na wewe siku ukipewa nyumba kisha waje kuibomoa utauliza lilo hilo.

mpwani_baridini:
Niko London miaka mingi, nakaa nyumba za kaunsili. Huku tangu Julai 2018 mradi ukitaka pesa za meya, na wabomoe nyumba za watu na kujenga 150 au zaidi, lazima wakazi wapige kura ya siri, na kabla ya kura kila nyumba yapata kijitabu cha ahadi, nani atarudi, kodi ngapi, fidia ngapi. Najua huko sheria hiyo hakuna, ila hicho kijitabu mnaweza kukidai. Maoni mtatoa juu ya nini kama hakuna kilichoandikwa?

Babu_Ngamizi:
Umenena. Na huku kuna kipengele watu hawakijui, tathmini ya mazingira ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, kwa mradi mkubwa yataka mikutano isiyopungua mitatu na wanaoathirika, pamoja na matangazo ya gazeti na redio, si karatasi moja mlangoni. Na kwa sheria ya kupata habari ya 2016 ukiomba nakala ya mpango kwa barua wana siku 21 kukujibu. Barua igongwe muhuri, mbaki na nakala.

leso_na_kahawa:
Ahsanteni sana. Jambo jengine, kadi ya nyumba bado ina jina la marehemu babangu (alifariki 2009). Mama ndiye alipaye kodi ila risiti yatoka kwa jina la baba.

Babu_Ngamizi:
Hilo ndilo la kwanza kabla ya kikao chenyewe! Wakija kuhesabu wapangaji watahesabu jina. Cheti cha kifo, barua ya chifu, risiti zote mulizonazo hata zilizofifia, muende ofisi ya nyumba mkaombe jina libadilishwe kesho.

leso_na_kahawa:
Narudi kutoka holini. Tulikuwa wengi mpaka watu wamesimama nje. Hatukusaini mpaka juu pakaandikwa mahudhurio tu, afisa mmoja alinuna akasema basi soda ni kwa waliosaini karatasi yake, bibi mmoja wa bloku ya nyuma akamjibu sisi tumekuja na maji yetu. Swali la mpangaji ama mnunuzi liliulizwa mara nne, majibu manne tofauti, nimeyarekodi yote. Wamekubali kurudi Jumamosi baada ya alasiri na karatasi ya Kiswahili. Barua ya jina la mama imegongwa muhuri leo asubuhi.